Kuoka, Kuchoma na Kubanika kwa Oveni: Jua Sababu, Usikariri Hatua Tu

Mada ya kupika kwa oveni huonekana nyepesi mpaka swali linapouliza "kwa nini". Hatua za kuoka keki unaweza kuzikariri kwa jioni moja. Lakini ukiulizwa kwa nini keki imedidimia katikati, au kwa nini kuku ameungua nje huku ndani bado ana damu, hatua ulizokariri hazitakutosha. Katika chumba cha vitendo ni vivyo hivyo. Unga, mayai na siagi unavyopewa ni vya mara moja, na keki ikiharibika dakika ya 40 hakuna muda wa kuanza upya. Nyumbani nako mama hatafurahi mayai 4 yakiishia kuwa tofali.

Lishike wazo hili moja katika mada nzima: oveni ni kisanduku kinachofikisha joto kwenye chakula kwa njia 3. Ukijua ni njia ipi inafanya kazi zaidi, utajua chakula kiwekwe rafu ipi, kwa joto gani na kwa muda gani.

1. MAANA YA MANENO

Kuoka ni kupika kwa hewa ya moto ndani ya oveni iliyofungwa. Hutumika kwa mikate, keki, skonzi na biskuti.

Kuchoma kwa oveni ni kupika nyama, kuku au viazi kwa hewa ya moto pamoja na mafuta kidogo, ili nje pawe na rangi ya kahawia na ndani pabaki laini.

Kubanika ni kupika kwa joto kali linalotoka upande mmoja. Katika oveni joto hilo hutoka juu, kwenye koili au moto wa grili. Katika jiko la mkaa hutoka chini.

Angalizo: mitaani neno "kuchoma" hutumika pia kwa nyama inayopikwa juu ya mkaa. Katika mada hii, nyama ya juu ya mkaa tunaihesabu kuwa imebanikwa, kwa sababu joto lake hutoka upande mmoja.

2. NJIA 3 ZA JOTO NDANI YA OVENI

(a) Mpitisho. Joto hupita ndani ya kitu kigumu au kati ya vitu vinavyogusana. Trei ya moto huipa joto sehemu ya chini ya mkate. Vilevile joto husafiri kwa mpitisho kutoka ganda la nje la nyama hadi katikati. Safari hii ni ya polepole, ndiyo maana pande nene huchelewa kuiva.

(b) Myuko. Hewa iliyopata moto hupanda juu, iliyopoa hushuka, na mzunguko huendelea. Kwa hiyo rafu ya juu huwa na joto zaidi kuliko ya chini. Oveni yenye feni husukuma hewa hiyo kwa nguvu na kuisambaza sawasawa, nayo huivisha haraka. Ukitumia oveni ya feni, punguza joto kwa nyuzi 20 za Selsiasi: pishi la 180 lipike kwa 160.

(c) Mnururisho. Joto husafiri kama miale kutoka koili nyekundu au kuta za oveni hadi kwenye chakula bila kuhitaji hewa. Ndiyo njia kuu ya kubanika. Miale huathiri uso unaoiangalia tu, na hupungua nguvu kadiri chakula kinavyokuwa mbali.

Kwa muhtasari: kuoka na kuchoma hutegemea sana myuko, na kubanika hutegemea mnururisho. Mpitisho upo katika zote, maana bila huo joto lisingefika katikati ya chakula.

3. KINACHOTOKEA NDANI YA CHAKULA

Nyuzi 60 hadi 80: protini za yai na za nyama hukaza, wanga hufyonza maji na kuvimba. Hapa ndipo keki huanza kupata umbo lake la kudumu.

Nyuzi 74: katikati ya kuku pakifika hapa, vijidudu hatari kama Salmonella huwa vimekufa.

Nyuzi 100: maji huchemka usawa wa bahari na kuwa mvuke. Maadamu sehemu ya chakula bado ina maji, joto lake halitapita hapa kwa urahisi.

Kuanzia takriban 140: protini na sukari huungana na kutoa rangi ya kahawia, harufu na ladha ya kuchomwa. Mmenyuko huu umepewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912.

Takriban 160 na kuendelea: sukari yenyewe huanza kugeuka kahawia.

Sasa unganisha jambo la nyuzi 100 na lile la nyuzi 140. Nyama iliyolowa maji haitapata rangi mpaka maji ya juu yakauke, kwa sababu uso wake umenasa kwenye nyuzi 100. Ndiyo sababu nyama ya kuchemsha haina rangi ya kahawia, na ndiyo sababu tunamfuta kuku kwa kitambaa au karatasi safi kabla ya kumwingiza kwenye oveni. Swali la "kwa nini tunakausha nyama" limejibiwa hapo.

4. KABLA YA KUPIKA

Panga rafu kwanza. Rafu zikiwa baridi hupangika kirahisi. Keki na kuku huwekwa katikati, vya kubanika huwekwa juu karibu na grili.

Washa oveni mapema, dakika 10 hadi 15 kabla. Keki ikiingia kwenye oveni baridi, siagi huyeyuka na hewa hutoroka kabla unga haujakaza, na keki hubaki nzito.

Jifunze kubadili vipimo. Vitabu vingi hutumia Farenhaiti. Zidisha Selsiasi kwa 9, gawa kwa 5, kisha ongeza 32. Mfano: 180 × 9 ÷ 5 + 32 = 356, ambayo vitabu huandika 350. Majiko ya gesi yenye namba husomeka hivi: namba 2 ni nyuzi 150, namba 4 ni 180, namba 6 ni 200.

Ijue oveni yako. Panga vipande vya mkate kwenye trei, oka kwa dakika chache, kisha tazama ni vipi vimepata rangi mapema. Hapo ndipo penye joto zaidi. Ukioka biskuti, geuza trei muda ukifika nusu.

Acha nafasi. Trei isigusane na kuta, na usijaze oveni pomoni. Hewa ikikosa pa kupita, myuko hukwama.

5. KUOKA: MFANO WA KEKI

Vipimo: siagi gramu 200, sukari gramu 200, mayai 4, unga wa ngano gramu 200, baking powder vijiko 2 vya chai. Chombo cha duara cha sentimita 20. Joto nyuzi 180. Muda kama dakika 45.

Hatua na sababu zake:

(i) Piga siagi na sukari mpaka vipauke na kuwa laini. Sababu: chembe za sukari huingiza hewa kwenye siagi, na hewa hiyo itatanuka kwenye oveni.

(ii) Ongeza mayai kidogo kidogo. Sababu: yakiingia yote kwa pamoja mchanganyiko hukatika na kupoteza hewa.

(iii) Chekecha unga pamoja na baking powder, kisha changanya taratibu na kwa muda mfupi. Sababu: ukikoroga sana, glutini ya ngano hujenga nyuzi ngumu na keki huwa ya kutafuna kama mkate.

(iv) Oka rafu ya katikati. Usifungue mlango kabla robo tatu ya muda haijapita, yaani kabla ya kama dakika 34. Sababu: hewa baridi ikiingia, mapovu husinyaa kabla kuta zake hazijakaza.

(v) Chunguza kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Dalili nyingine: keki hurudi juu ukiibonyeza kidogo kwa kidole, na kingo huachana na chombo.

Kasoro na sababu zake:

Imedidimia katikati: mlango ulifunguliwa mapema, haikuiva, au baking powder ilizidi.

Imepasuka na kuchongoka juu: oveni ilikuwa na moto mkali mno au keki iliwekwa rafu ya juu. Kingo zilikaza mapema, kisha ute wa katikati ukatafuta pa kutokea.

Ni nzito: siagi na sukari havikupigwa vya kutosha, unga ulikorogwa sana, au oveni haikuwa na moto wa kutosha.

Kwa wa nyanda za juu: mahali kama Mbeya au Nairobi, palipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo. Mapovu hutanuka zaidi kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Keki ikiwa na mazoea ya kupanda haraka kisha kudidimia, punguza baking powder kidogo.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, usifungue mlango. Oveni iliyofungwa hushikilia joto kwa muda, na keki iliyokuwa karibu kuiva inaweza kumalizikia humo humo.

6. KUCHOMA: MFANO WA KUKU

Kanuni ya muda kwa kuku wa kisasa: dakika 20 kwa kila gramu 500, kisha ongeza dakika 20, kwa nyuzi 190. Mfano: kuku wa kilo 1.5 ana gramu 500 mara 3. Kwa hiyo 3 × 20 + 20 = dakika 80.

Usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba. Maji hurusha vijidudu kwenye sinki, meza na kachumbari iliyo karibu. Joto la oveni ndilo linaloviua.

Mfute, mpake mafuta, chumvi na viungo. Kila baada ya dakika 20 au 25 mmwagie mafuta yanayokusanyika kwenye trei, kisha ufunge mlango haraka. Kifua kikianza kuungua kabla mapaja hayajaiva, kifunike kwa karatasi ya alumini.

Ameiva? Choma kisu sehemu nene ya paja. Maji yanayotoka yawe meupe, si ya waridi. Kipimajoto ndicho cha uhakika: nyuzi 74 pale penye unene zaidi, bila kugusa mfupa. Rangi ya nje isikudanganye.

Mpumzishe dakika 10 hadi 15 kabla ya kumkata. Maji ya ndani hutulia, hivyo hayamwagiki yote kwenye ubao na nyama haikauki.

Kuku wa kienyeji aliyekomaa ni habari nyingine. Nyama yake ina kolajeni nyingi iliyokomaa, nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli. Kolajeni hugeuka kuwa jelatini laini ikipata unyevu na muda mrefu, si moto mkali. Ukimpika kama kuku wa kisasa utaishia kuvuta nyama kwa meno. Mchemshe kwanza mpaka alainike, mkaushe, ndipo umwingize kwenye oveni nyuzi 200 apate rangi. Au mfunike vizuri kwenye chombo chenye maji kidogo, nyuzi 160, kwa saa mbili au zaidi, kisha mfunue mwishoni.

7. KUBANIKA: SAMAKI NA MISHIKAKI

Grili inafaa vyakula vyembamba na laini. Pande la nyama nene litaungua juu kabla joto halijafika katikati, maana mpitisho ni wa polepole na mnururisho ni wa kasi.

Kata vipande vya mishikaki vilingane, unene wa sentimita 2 au 3. Vijiti vya mti viloweke kwenye maji nusu saa ili visiungue. Nyama uliyoilaza kwenye viungo na ndimu iweke kwenye jokofu, si juu ya meza, kwa sababu vijidudu huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60.

Samaki mzima, kama sato au changu, mchanje mbavuni mara 3 kila upande. Mikato hiyo hufupisha safari ya joto na kuruhusu viungo kuingia. Mbanike karibu sentimita 10 kutoka kwenye koili na mgeuze mara moja tu. Ameiva nyama yake ikiwa nyeupe isiyopenya mwanga na ikichambuka kwa uma.

Ukiona juu panaungua, teremsha rafu. Umbali ndio kifaa chako cha kupunguza moto wa grili.

8. BILA OVENI YA UMEME: KUPALIA MAKAA

Mtahiniwa usidhani mada hii ni ya wenye oveni tu. Wapishi wa pwani wamepika mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa kupalia: sufuria huwekwa juu ya mkaa mchache, hufunikwa kwa mfuniko wa bati, na makaa ya moto hupangwa juu ya mfuniko. Njia zote 3 zimo. Chini kuna mpitisho kutoka sufuria, juu kuna mnururisho kutoka mfuniko wa moto, na katikati kuna hewa inayozunguka kidogo.

Weka makaa mengi juu na machache chini. Sababu: sufuria inagusa mkate moja kwa moja, kwa hiyo chini huungua upesi. Juu kuna nafasi ya hewa, panahitaji moto zaidi.

9. USALAMA NA MATUMIZI

Jiko la gesi: fungua mlango wa oveni, washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukinusa gesi usiwashe chochote, hata swichi ya taa. Funga mtungi na fungua madirisha.

Jiko la mkaa: lisitumike chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua.

Oveni yoyote: tumia glovu kavu. Kitambaa kibichi hupitisha joto haraka hadi mkononi. Unapofungua mlango simama pembeni, mvuke upite kwanza.

Umeme: oveni ya wati 2,000 ikifanya kazi saa 1.5 bila kupumzika hutumia kilowati 2 × saa 1.5 = kilowati-saa 3, yaani uniti 3. Kwa kweli hutumia pungufu, kwa sababu themostati huzima koili joto likifika. Kupunguza gharama, panga mapishi yafuatane: kuku akitoka, keki iingie oveni ikiwa bado ya moto.

10. NAMNA YA KUJIBU

Swali: Eleza kwa nini keki haipaswi kuwekwa kwenye oveni ambayo haijapata moto.

Jibu dhaifu: "Kwa sababu haitaiva vizuri." Jibu hili limetaja matokeo bila sababu.

Jibu kamili: "Katika oveni baridi siagi huyeyuka na hewa iliyoingizwa wakati wa kupiga hutoroka kabla protini na wanga havijakaza. Matokeo yake keki haipandi na huwa nzito." Jibu hili lina kinachotokea, sababu yake na matokeo. Ukiona "eleza", hakikisha yote matatu yamo. Ukiona "taja", orodha fupi inatosha, usipoteze muda. Ukiona "tofautisha", kila sentensi iguse pande zote mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia 3 za joto na mahali kila moja inapoonekana katika kupalia makaa.
2. Piga hesabu ya muda wa kuchoma kuku wa kisasa wa kilo 2.
3. Badili nyuzi 200 za Selsiasi kuwa Farenhaiti.
4. Tofautisha kuoka na kubanika kwa chanzo cha joto na aina ya chakula.
5. Kuku amependeza kwa rangi lakini karibu na mfupa kuna damu. Eleza kilichotokea na namna ya kurekebisha.

MAJIBU

1. Mpitisho, chini ya sufuria. Mnururisho, kutoka mfuniko wenye makaa. Myuko, katika hewa iliyo kati ya mkate na mfuniko.
2. Gramu 500 mara 4: 4 × 20 + 20 = dakika 100.
3. 200 × 9 ÷ 5 + 32 = 392.
4. Kuoka hutumia hewa ya moto inayozunguka chakula pande zote, na hufaa vyakula vinene au vinavyoumuka. Kubanika hutumia miale ya upande mmoja, na hufaa vyakula vyembamba na laini.
5. Joto la oveni lilikuwa kali mno: uso ulipata rangi haraka, lakini mpitisho haukupata muda wa kufikisha joto kwenye mfupa. Mfunike kwa karatasi ya alumini, punguza joto hadi nyuzi 160 au 170, endelea kupika mpaka katikati pafike nyuzi 74. Asiliwe kabla ya hapo.